Dympna Alinionya Kabla Sijatia Saini

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kwa sababu nimefika mahali sijui nimtazame nani usoni, maana miaka minne iliyopita mimi na mume wangu Fergal tulinunua malisho ya ekari tisa hapa Leitrim kutoka kwa majirani zetu Dympna Gallogly na kaka yake Colman, wote wazee, na katika mkataba waliahidi kwamba akitokea mtu wa kudai ardhi ile wao ndio watakaotukinga na kubeba hasara, nasi tukajenga zizi, na sasa Noreen, anayeishi Boston, binti wa marehemu kaka yao, ametushtaki akisema theluthi ni urithi wa baba yake, na wakili wetu anataka tuwaunganishe wazee hao kwenye kesi kwa kifungu kile cha ahadi, lakini Dympna ndiye aliyemuuguza mama yangu mpaka siku ya mwisho, na nilipokwenda kwake alinimiminia chai akasema, "Mwanangu, usituburute mahakamani, Colman moyo wake hautahimili," na kibaya zaidi, mshauri, jambo ambalo Fergal halijui, kabla hatujatia saini Dympna aliniambia kaka yao aliacha mtoto Marekani, nami nikamjibu, "Nyamaza tu, Dympna, huyo hatarudi," kwa sababu nililitamani lile shamba.

Attracta, Leitrim

Attracta, pole. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilikasirika. Jambo zito kuliko yote umelisogeza mwishoni, kana kwamba ni dogo.

Mwambie wakili ulichoambiwa na ulichojibu, kabla hujaapa kwa maandishi kwamba hukujua lolote. Yeye ndiye atakayepima kama kifungu bado kinawakinga wewe na Fergal. Dympna ataulizwa mahakamani, na sidhani kama atadanganya kwa ajili yako.

Wakili akisema kifungu kinasimama, waunganishe wazee hao kwenye kesi, tena upesi, kwani muda wa kuwaita una mwisho. Walitia saini wakiwa na akili zao. Lakini Dympna asizipate habari hizo kwa barua ya posta. Nenda mwenyewe ukamwambie, "Mimi ndiye niliyekunyamazisha, na nitalisema hilo mbele ya jaji." Mwambie naye atafute wakili wake mwenyewe. Kisha ombeni kukaa na Noreen. Huenda akakubali ekari tatu, nanyi mkabaki na sita na zizi lenu.

Haya yote yanaanza na Fergal. Mwambie leo, kabla ya chakula. Akifoka, mwache afoke. Akimaliza, mpe koti lake mwende kwa wakili.