Mama Anyesi Aliyekataa Kuomba Mvua

Mama, mwaka umetimia tangu ututoke. Tulidhani kufikia sasa tungekuwa tumezoea, lakini hatujazoea. Baba akiamka bado anageukia upande wako kabla hajakumbuka, na hapa Mwamanyili watu wakielekezana njia bado wanasema "pale kwa Mama Anyesi", kwa jina lako mwenyewe, kana kwamba sisi wengine ni wapangaji wako.

Tunakumbuka ulivyokuwa ukisali. Asubuhi ulipiga magoti kando ya kitanda ukamwamkia Mungu kama unavyomwamkia mzee yeyote wa hapa kwetu: "Mwangaluka, Baba." Na mumeo Boniventura, bado ana usingizi, alidhani ni yeye, akakuitikia kwa heshima ya mama, "Mwangaluka, mayu." Ulimwambia, "Si wewe, lala," ukaendelea. Ulimpa Mungu habari za nyumbani: nani ana homa, nani kamnunia nani, kuku gani kaacha kutaga. Ukiwa umeudhika ulimwambia umeudhika. Justina, kifungua mimba wako, alikuuliza utotoni kama si dhambi kumsemesha Mungu hivyo. Ulimjibu, "Anajua tayari. Nikijifanya nimefurahi, namdanganya nani?"

Hukupenda maombi ya kujionyesha. Katekista Mayunga, mtu mwema lakini mwenye maneno mengi, alisali kwenye jumuiya ya kila Jumamosi mpaka watoto wakalala mikekani. Alipomaliza ulimwambia kwa upole, "Mayunga, nadhani alikuelewa pale mwanzoni." Alicheka, na kwa Jumamosi kadhaa alifupisha. Kisha akasahau.

Lakini wengi wanakukumbuka kwa jambo moja, na baadhi yao hawajakuelewa hadi leo. Ni lile la mwaka juzi.

Justina alikuwa amerudi nyumbani na wanawe baada ya ndoa yake kumshinda. Ulimpa jaruba la kule bondeni, akalilima na kupanda mpunga kwa mikono yake, na kwa mara ya kwanza tangu arudi tulimsikia akiimba. Mvua zilikuwa zimechelewa, kwa hiyo Mei ilipofika mpunga ndio kwanza unatoa masuke, na maji yamekauka. Jumuiya ilikuja kusali kwetu. Mayunga akakupa wewe zamu ya kuomba mvua, kwa kuwa kila mtu alijua unavyosali.

Ulisimama. Ulitazama nje, ng'ambo ya njia. Kisha ukasema, "Siwezi. Pamba ya Nyanjige iko nje."

Nyanjige ni jirani yetu, na wakati ule hakuwa rafiki. Alishawahi kumpiga mbuzi wetu jiwe akamvunja mguu, na tangu hapo salamu zilikuwa za kutupiana. Mguu wake mwenyewe ulikuwa umevimba, hawezi kuinama, na watoto wake wote wako mbali. Pamba yake ilikuwa imepasuka shamba zima, nyeupe. Kila mkulima wa huku anajua mvua ikiipiga pamba hiyo inachafuka na kugeuka fifi, na fifi hakuna anayeitaka.

Justina alisema, "Mama, mpunga wangu unakufa."

Ukamjibu, "Nauona, mwanangu. Lakini nikiomba mvua leo, nitakuwa namwomba Mungu amharibie yule pale. Tukaichume kwanza, halafu nitaomba."

Tukaenda, wengine tukinung'unika waziwazi. Tulichuma juma zima. Katikati ya juma wingu zito lilipanda kutoka ziwani, likasimama juu yetu, likaenda zake upande wa Lamadi. Justina alisimama na furushi kichwani akalitazama mpaka likaisha. Tulipoingiza pamba ya mwisho, Nyanjige alishukuru, "Wabeja," akafuta macho. Jioni hiyohiyo ulishuka jarubani, ukapiga magoti kwenye udongo uliopasuka, ukaomba mvua kwa nguvu zako zote.

Haikunyesha. Mpunga wa Justina tuliukata tukawapa ng'ombe.

Siku ile alikuambia maneno makali. Alisema ungeomba Jumamosi ile, wingu lisingepita. Ukasema, "Labda." Akasema basi huyo Mungu wako hasikii. Hukumkemea, wala hukumhubiria. Ulimwambia, "Mbona unaniambia mimi? Mwambie mwenyewe."

Hakumwambia. Aliacha kabisa kusali. Jumamosi alipanga viti, alichemsha chai, alikaa kati yetu amefunga mdomo. Baba alitaka kumlazimisha, ukamkataza. Ulisema mtu anayenyamaza kwa moyo wa kweli yuko karibu na Mungu kuliko anayesema asichokitaka. Hatukuwa na hakika na hilo, Mama. Tulimwogopea.

Kisha ukaugua, tukakupeleka Bariadi. Justina ndiye aliyekaa nawe wodini. Presha ilipokuzidi aliinama akakuuliza, "Mama, nikuombee?" Alikuwa tayari kusema maneno yoyote yale, ili wewe tu ufurahi. Ukamwambia, "Usimwambie kitu usichokitaka kwa ajili yangu. Nishike mkono." Akaushika mpaka mwisho.

Hicho ndicho kilichomuumiza mwaka mzima. Alikuwa akituambia kwamba mama yake amekufa bila yeye kumwombea hata neno moja, na kwamba sasa hata akitaka hajui aanzie wapi. Tulimbembeleza, tukamwambia hukumdai kitu.

Jumamosi iliyopita jumuiya ilisali hapa kwa ajili yako. Chai aliichemsha yeye. Tukuambie pia kwamba mwaka huu mvua zimechelewa tena, na Justina alirudi kulima jaruba lile, ingawa sote tulimwambia aache. Mpunga una masuke na ardhi imeanza kupasuka. Ng'ambo ya njia, pamba ya Nyanjige ni nyeupe tupu, na yuko peke yake vilevile.

Mayunga alipouliza nani ana ombi, Nyanjige aliinuka akijishikiza kwenye kiti. Yeye si mtu wa kusali mbele za watu. Alisema, "Baba, lete mvua kwenye mpunga wa Justina. Pamba yangu iko nje, unaiona. Wewe ilete tu."

Hakuna aliyejibu Amina. Tulikuwa tunatazamana.

Ndipo tukasikia sauti kutoka mlangoni, na kabla hatujageuka tulijua ni ya nani. "Baba, usimsikilize huyu," Justina alisema, birika bado liko mkononi. "Usiilete sasa. Ngoja kwanza pamba yake iingie ndani."

Mayunga alimtazama huyu, akamtazama yule. Alibaki hajui aitikie Amina kwa ombi lipi. Baba akaanza kucheka, kisha sote tukacheka, na Nyanjige naye akicheka huku analia. Justina hakucheka. Aliweka birika chini, akakaa sakafuni palepale, akaendelea kuongea na Mungu. Alimwambia habari za mpunga ule uliokufa. Alimwambia habari zako. Alimwambia kwamba amemkasirikia sana, na kwamba amechoka kumkasirikia. Tulimsubiri amalize.

Unakumbukwa na mumeo Boniventura Ngusa. Na wanao, Justina, na Deogratias aliyekuja kutoka Bariadi kwa ajili ya siku hii. Na wajukuu zako, ambao bado wanagombania kiti chako. Na Katekista Mayunga na jumuiya yote. Na Nyanjige, ambaye tumemwandika humu pamoja na ndugu kwa sababu ni ndugu.

Siku zote tutakukumbuka, Mama. Na Justina ametuomba tuongeze, kwa maneno yake mwenyewe, kwamba sasa anakuombea.