Bibie Mpya Amepita Iguguno

Iguguno, Jumapili mchana, baada ya mavuno ya alizeti

Baba yangu,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa ndani ya gari lako, Bibie, kwenye kiti chako. Mlango bado unataka kuinuliwa kidogo ndipo ufunge. Nimeuinua.

Mama hajambo. Gereji anaiendesha Petro, na mimi bado nauza mafuta ya alizeti pale mbele, barabarani. Lakini nina habari ambayo ungenikatisha salamu ili uisikie. Waliotengeneza Bibie wametoa Bibie mpya. Jina lile lile, Baba. Miaka yote ulisema gari hili watalirudisha, sisi tukakucheka.

Picha zilifika kwanza kwenye simu ya Elia, yule dereva wa lori wa Misigiri. Ungeona gereji ilivyojaa! Mzee Shabani, fundi wako wa umeme, aliitazama simu akairudisha kama mtu aliyepewa chai isiyo na sukari. Alisema wamelifinya macho mpaka linafanana na mjusi, na kwamba gari la mbio lisilo na gia za mkono ni kochi tu.

Elia akamuuliza, "Mzee, ukipewa bure utakataa?"

"Nitalipokea nimenuna."

Walicheka, halafu wakabishana kweli, mpaka Mzee Shabani akahamia Kinyiramba. Hapo nikajua amekasirika.

Petro hakubishana. Yeye alilipenda. Alipenda pua fupi, taa nyembamba, vitasa vinavyojificha mlangoni. Jioni akaniambia anataka kumpeleka Bibie Singida mjini kwa fundi wa bodi, wamkate pua, wamfananishe na yule mpya. "Dada, linaozea chini ya turubai. Tangu Baba afariki hakuna aliyeliwasha. Nataka watu waligeukie tena."

Ulituachia sote wawili, kwa hiyo hakuweza kumkata bila neno langu. Nikamwomba anisubiri. Niliogopa kwamba nikisema hapana, nitakuwa nakulilia wewe tu. Juu ya pua hiyo, Baba, ndipo nilipokuwa nakaa nikila karanga, wewe uko chini ya gari unaniomba spana. Nikikosea unasema, "Huyo ni ndugu yake, mama. Niletee mwenyewe."

Basi Alhamisi yule mpya akaja. Dada mmoja kutoka Dar es Salaam, anakwenda Mwanza, alisimama kununua mafuta. Gari jekundu, jipya kabisa. Nusura niyamwage mafuta yenyewe. Wanaume wakatoka gereji wote, wakaanza tena, mjusi, kochi, sijui nini, mpaka Mzee Shabani akapaza sauti: "Kwanza mkono!"

Sheria yako. Hakuna kulisema gari hapa kabla hujaligeuzia mgongo na kuweka kiganja juu ya boneti, injini ikiunguruma. Ulisema macho yana haraka. Nilimwomba yule dada, akacheka, akawasha.

Elia alisema ni kama kushika friji. Mzee Shabani alikawia, kisha akasema polepole, "Lina afya," akaenda kukaa peke yake. Mimi nilihisi kama nimemshika mtoto wa jirani aliyelala. Mzuri sana, lakini si wangu. Petro alikuwa wa mwisho.

Gari lilipoondoka, karibu bila sauti, alikwenda nyuma akavuta turubai. Akatia petroli mpya, akaazima betri ya lori la Elia, Mzee Shabani akasafisha plagi. Bibie akagoma. Akagoma tena. Halafu akakohoa, Baba, kikohozi chako cha asubuhi kabisa, akanguruma, vumbi likaruka kwenye boneti.

Petro akageuka, akaweka mkono juu ya ile pua. Nikaona mabega yake yanatikisika, na si kwa injini. Alisema bila kunitazama, "Dada, hatukati."

Usidhani tumekubaliana kila kitu. Bado anasema yule mpya ni mzuri zaidi, nami namwachia. Anataka kubadilisha taa, kwa sababu za zamani hazioni mbali. Nimekubali. Usinune.

Tumeahidiana kumwasha kila Jumapili tukitoka kanisani. Leo Mama naye alikuja. Aligeuka, akaweka kiganja, akafumba macho. Nakuahidi hili, Baba: mradi mkono wangu una nguvu ya kugeuza ufunguo, hatanyamaza tena.

Naishia hapa, wananiita nikale. Pumzika, Baba. Na huko uliko, ukisikia injini inakohoa kabla ya kuwaka, ni mimi. Nikumbuke.

Binti yako,
Neema