Mraba wa Cucu Wakonyo

Jumatatu, 14 Aprili 2025
Kangari. Mvua tena. Kwetu Garsen, Tana, ardhi ni tambarare. Huku hata kwenda chooni ni kupanda mlima. Kazi yangu: kutafuta nyufa za maporomoko kwenye miteremko, kusimama juu ya kila ufa na kubonyeza simu, itume kwenye ramani mahali niliposimama. Basi. Leo ufa ulio nyuma ya nyumba ya bibi kizee, Cucu Wakonyo, sikuufikia. Utelezi, na magoti yanauma. Nilibonyeza nikiwa chini, barabarani. Hatua sitini tu—nani atajua?

Jumatano, 16 Aprili
Griffins, fundi wa ramani, alinionyesha laptopu yake. Mlima wote umekatwa miraba, mita kumi kwa kumi. Kila mraba una namba ya mteremko, ya udongo, ya nyufa. Kompyuta inazipanga kama chapati, moja juu ya nyingine, inajumlisha, inatoa rangi. Nyekundu, watu wahame. Kijani, wakae.
Nikauliza, na ikikosea? Akacheka. Ati kompyuta haijui Kangari, inajua tu nilichoiambia mimi kwa simu yangu.
Nikaiweka simu mfukoni.

Alhamisi, 17 Aprili
Ramani imebandikwa kwa chifu. Cucu ni kijani! Nyekundu imeangukia barabara, pale pale niliposimama. Watu wanacheka, ati sasa barabara itahama pamoja na watoto wake.
Tangu mvua ianze Cucu alikuwa kwa binti yake, Njoki. Sasa amerudi kwake. Alinishika mkono mbele ya watu: "Wewe mtu wa Tana, Ngai akubariki. Umeniokolea boma." Akanipa sahani ya nduma moto. Nilizila zote. Zilikuwa tamu—hiyo ndiyo aibu.

Jumamosi, 19 Aprili
Leo nimepanda. Ufa upo. Mkono umeingia mpaka kwenye kiwiko! Nimebonyeza hapo hapo, nikampigia Griffins, nikasema yote. Jibu lake: kazi sina tena, na ramani mpya ni Jumanne, baada ya Pasaka.
Jumanne!
Nimemwambia Cucu arudi kwa Njoki sasa hivi. Nimemwambia nilidanganya. Hataki kusikia. "Karatasi ya chifu inasema kijani. Si ni wewe uliandika?"
Nimekaa mlangoni pake, naandika. Nimemwambia siondoki bila yeye. Amesema sawa, mgeni ni mgeni. Mvua imeanza tena, kubwa. Ananiuliza kama chai yangu ninaweka sukari.