Toba ya Righa

Alhamisi, 6 Oktoba 1966

Joto! Hata maji ya mtungini yana joto. Ushirika wetu wa waliookoka ulikuwa kwangu leo, hapa kwenye nyumba za polisi, ndugu wachache tu, maana wengine wako doria. Koplo Nzioka alitubu kwamba alimtazama vibaya mke wa mwenzake. Kila Alhamisi anatubu dhambi hiyohiyo, sijui ataimaliza lini. Mimi nilitubu hasira. Tukaimba, tukapeana mikono, nikapika chai.

Righa alikaa karibu na mlango. Huyu ni mdogo wangu, kitinda mimba, mimi ndiye niliyembeba mgongoni kule Wundanyi. Namjua. Tangu doria ya Jumamosi mtoni hali, halali. Chapati nilizompelekea kwenye banda la makonstebo kawapa mbwa. Mume wangu Mwadime anaendesha lori la polisi na husikia mengi. Anasema doria ile iliua shifta mmoja, mwasi wa porini, na vijana wakapongezwa. Sasa huzuni ya nini? Kuna dhambi ndani yake, na dhambi ikifichwa huoza kama jino.

Nimemwambia ailete nuruni, aitaje mbele ya ndugu. Mungu ni mtakatifu, hakai nyumba moja na uchafu.

Jumapili, 9 Oktoba

Mchungaji hakufika, msafara wa magari umezuiwa tena. Nzioka ndiye aliyesoma, habari za nabii aliyemwona Bwana kitini, akalia kwamba midomo yake ni michafu. Righa alitoka katikati ya somo.

Nilimfuata mpaka nyuma ya tangi la maji. Nikamshika mkono kama zamani. Nikamwambia damu ya Yesu inaosha yote, lakini haioshi kilichofichwa. Akaniuliza, yote kweli, dada? Nikasema yote. Mbele za Mungu hakuna dhambi kubwa na ndogo. Nilisema kwa ujasiri! Wala sikuwa nimemuuliza ni dhambi gani.

Ameahidi kusimama Alhamisi. Nimerudi nyumbani nikimshukuru Bwana.

Jumanne, 11 Oktoba

Hawo amekuja na maziwa, macho mekundu. Huyu anatoka kile kijiji cha serikali ng'ambo ya uwanja wa ndege, kilichozungushiwa miiba, na ana kibali cha kutoka asubuhi kuuza maziwa. Siku zote ananichekesha. Leo hakucheka. Dada yake Saado amekufa. Alifuata mbuzi waliobaki nyuma mtoni, jua likamchwea, saa ya kafyu, ya kutotoka nje, ikapita. Serikali inasema alikuwa shifta.

"Shifta gani anabeba fimbo ya mbusi, abaayo?" Abaayo ndivyo anavyoniita, maana yake dada.

Nikampa pole. Nikasema ni mapenzi ya Mungu, naye akasema alhamdulillahi kwa sauti ya mtu aliyechoka. Akanipimia maziwa.

Mtoni. Jumamosi. Sitaki kufikiri.

Alhamisi, 13 Oktoba

Amesimama.

Alisimama wima kama yuko gwarideni, mikono imenyooka, jasho linamtiririka. Alisema jua lilikuwa linazama lakini aliona. Aliona ni mwanamke. Aliona ana fimbo, si bunduki. Amri ilikuwa kwamba yeyote atakayekutwa mtoni baada ya saa ya kafyu apigwe risasi. Alingoja mwenzake apige, mwenzake akawa anamngoja yeye. "Nilipiga kwa sababu walikuwa wananitazama," akasema. Mwanamke yule hakufa mara moja. Alikuwa anawaita mbuzi. Baadaye mmoja wao akaleta bunduki kuukuu akailaza kando ya maiti.

Nilisikia inzi tu.

Halafu Nzioka akaanzisha wimbo, nasi tukapokea. Tukamkumbatia Righa mmoja mmoja, Bwana asifiwe, ameoshwa, ameoshwa! Mimi niliimba kuliko wote. Niliimba ili nisimfikirie Saado. Righa hakuimba. Walipoondoka alibaki ameshika kikombe cha chai iliyopoa, akaniambia hajisikii kuoshwa. Nikamwambia wokovu si kujisikia, ni kuamini. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo nilivyowafundisha wengine.

Lakini vikombe niliviosha mara mbili.

Ijumaa, 14 Oktoba

Nzioka amekwenda kusema kwa Inspekta! Nimemfuata mpaka ghalani kumuuliza. Ati hawezi kumficha mkubwa wake jambo, naye pia anatembea nuruni. Mnafiki! Nimemwita hivyo usoni, na sijatubu.

Inspekta hakumfunga Righa. Afadhali angemfunga. Amemwambia aliona vibaya, macho ya jioni hudanganya, aliyekufa alikuwa shifta na imekwisha andikwa. Akirudia maneno yale atakwenda jela, na mimi na Mwadime tutatolewa kwenye nyumba ya serikali. Msafara ujao unampeleka kituo cha Takaba, mbali kabisa, huko akazungumze na mchanga.

Mwadime amenikasirikia. Anasema mimi na nuru yangu tumemuua kijana.

Jumatatu, 17 Oktoba

Hawo alikuwa ananipimia maziwa, Righa akatokea amevaa kikoi. Sikuwahi hata kumkonyeza. Akamuuliza Hawo, baba wa mwanamke aliyeuawa mtoni anakaa upande gani wa kijiji.

Hawo alikiweka kibuyu chini polepole. Akamtazama kijana miguu mpaka kichwa. Akaelewa. Niliona anaelewa.

Nilidhani atapiga kelele. Hakupiga. Akaniambia mimi, si yeye: "Huyu ni wako?"

Nikasema ni mdogo wangu.

"Basi asije beke yake. Akija beke yake, fijana watamchinja, wallahi, na mimi siwesi kusuia. Kwetu mtu akiua, ndugu yake anatangulia. Anakaa chini mbele ya wasee. Anasema, sisi ndiyo tumeua. Sisi wote. Halafu sasa mwenye damu, babangu Warfa, atasema anataka nini. Atachukua au atasamehe. Yeye ndiyo anawesa kusamehe, hakuna mwingine."

Righa akauliza, kwa sauti ya mtoto, kama mzee Warfa anaweza kweli kusamehe. Hawo akasema hajui. Akaniambia tena: "Hapa wewe ndiyo ukoo yake, abaayo. Wewe tangulia."

Akajitwika maziwa yake akaenda. Hakuchukua hela.

Jumatano, 19 Oktoba

Righa amekuja kunisihi. Msafara unaondoka Jumamosi. Anataka twende kesho, sikukuu, wakubwa watakuwa kwenye hotuba. Mimi nitangulie, yeye afuate mikono mitupu.

Nikamwambia Yesu amekwisha kulipa. Alisema msalabani imekwisha. Kwenda kukaa mavumbini mbele ya wazee wa Kiislamu kuomba msamaha mwingine ni kuidharau damu yake. Maneno yalinitoka vizuri, kama nimeyaandika. Na kila nilipoyasema nilikuwa naviona visu vya vijana wale.

Akasema: "Amenilipia mimi, dada. Mzee Warfa amelipwa nini?"

Nikakasirika. Nikamwambia afunge mdomo, aende Takaba, asahau, Mungu mwenyewe amesahau.

"Nuru ilikuwa sebuleni kwako tu," akasema. "Kwa wenye maiti, giza."

Nikamfukuza! Mdogo wangu! Nikamwambia asikanyage hapa mpaka atubu kiburi chake. Alipofika nje alitengeneza kamba ya kuanikia nguo iliyokuwa imelegea, akaondoka.

Alhamisi, 20 Oktoba

Hakuna ushirika. Nimesema naumwa. Kweli naumwa. Bendi ya polisi ilipiga asubuhi, watoto wakapeperusha bendera. Righa sikumwona gwarideni, nikajua ananikwepa.

Nimejaribu kusali. Zamani nikipiga magoti nilikuwa nahisi utakatifu wa Mungu kama jua la asubuhi mgongoni. Leo ni kama mtu aliyesimama mlangoni hasemi kitu.

Ijumaa, 21 Oktoba

Righa hayupo.

Wameamka wakakuta sare yake imekunjwa kitandani, viatu vimepigwa rangi, bunduki iko ghalani mahali pake. Katoka na kikoi. Nzioka anasema ametorokea kwa shifta. Hawo hajaja na maziwa leo. Hajawahi kukosa, hata alipofiwa.

Inspekta alikuja hapa, akavua kofia, akaongea kwa upole. Upole ule ndio ulionitisha. Ameuliza Righa amekwenda wapi. Malori mawili yanatiwa petroli, askari wanagawiwa risasi. Mahali nitakapotaja ndipo watakapokwenda. Nikitaja kijiji, watamtafuta nyumba kwa nyumba, na najua wanavyotafuta. Kijiji kile cha upande wa Balambala Mwadime alikiona baada ya kutafutwa, alirudi akalala siku nzima ameelekea ukutani. Watoto wa Hawo wamo mle ndani ya miiba. Mzee Warfa yumo.

Nikisema sijui, Righa anabaki peke yake na vijana wa Saado. Kama bado yuko hai. Labda amekaa chini sasa hivi mbele ya wazee, anasema mimi ndiye, na hakuna mtu pembeni yake wa kusema sisi.

Mwadime ndiye atakayeendesha lori la mbele. Amepita dirishani, ameninong'oneza nitaje kijiji, tumuwahi. Analia mume wangu. Nimemuuliza, na watu wa kijiji? Amesema hajui, amesema Righa ni damu yetu.

Inspekta amenipa nafasi nifikiri mpaka petroli ijae. Ndiyo naandika, nitafanya nini kingine? Miaka yote hii nimehubiri kwamba mmoja alitangulia kwa ajili yetu sote tulipokuwa wachafu. Nimelia machozi nikihubiri! Na mimi niliambiwa nitangulie kuvuka uwanja wa ndege tu, nikakataa kwa maneno ya Biblia.

Nimekwisha chagua uongo wangu. Nitasema alitaja barabara ya Bura, kusini, kwamba kuna lori la ng'ombe linalomchukua. Malori yataelekea huko na kijiji kitabaki salama kwa leo. Na nitakuwa nimemwacha Righa mara ya pili. Au nitaje kijiji. Nikimwona tu Inspekta usoni huenda nikataja kijiji.

Honi ya Mwadime. Viatu vya Inspekta kwenye kokoto.

Mungu ni mtakatifu, hawezi kutazama uovu. Basi asitazame. Ageuze uso kidogo tu, mpaka malori yaondoke. Anabisha hodi