Kitabu Alichoazima Shemeji

Jumatatu, 4 Mei 1964

Wewe uliyefungua daftari hili, nakusihi ulifunge. Kama umeshaanza kusoma, neno lolote lisitoke kinywani mwako, hata kwa mke wako, hata kwa padri. Mimi ni karani wa depo ya pamba, basi. Sina chama.

Leo tena hakuna magunia. Wakulima wa bonde la Ruzizi wanaogopa barabara. Nilifuta mizani, nikapanga mihuri, kisha nikafungua kasha. Muzungu wa pamba alipovuka mpaka kwenda Bujumbura aliniachia vitabu vyake. Alisema nisome nikipata wakati. Wakati ninao mwingi mno.

Shuleni tulisoma sarufi, katekisimu na historia ya wafalme wa wazungu. Sikujua kama vipo vitabu vya namna nyingine. Kimoja ni cha nyuki, nyuki tupu mwanzo hadi mwisho. Kimoja ni cha mashairi. Mistari inakatika kabla ya kufika ukingoni, nikadhani mchapaji alikosea. Cha mapenzi nilikisoma nimeupa mlango mgongo. Na kimoja ni cha upelelezi. Bibi tajiri ameuawa katika chumba kilichofungwa kwa ndani, na kila aliyemo nyumbani anasema uongo. Sijawahi kuogopa kwa raha hivi.

Jumatano, 6 Mei

Nimevifunika vitabu vyote. Kwa mapadri, mwanafunzi mwenye kitabu kisichofunikwa alichapwa. Mazoea hayo hayajanitoka. Ghalani kulikuwa na afishi za uchaguzi za mwaka wa uhuru, matangazo ya ukutani ya karatasi ngumu, nyeupe nyuma. Picha ya mgombea nikaiweka ndani, weupe nje. Pembe nimezikunja vizuri. Vinapendeza.

Jioni nilikula huko Mulongwe, ng'ambo ya daraja, kwa yaya Furaha, dada yangu mkubwa. Mumewe, shemeji Kashindi, ni mwalimu. Alikiona cha upelelezi mkononi mwangu akakinyakua.

"Weye karani, vitu vitamu hivi unakula peke yako? Minye shemeji yako nife na vitabu vya hesabu?"

Yaya akasema sasa nyumba yake iko na wendawazimu wawili. Tulicheka sana. Nimemwazima.

Jumapili, 10 Mei

Watu wanasema waasi wameshuka milimani. Kanisani Kashindi aliniinamia wakati wa mahubiri: "Aliyemuua bibi ni mpishi." Nikaendelea kumtazama padri. Aliteseka hadi mwisho wa misa.

Si mpishi.

Jumapili, 17 Mei

Waasi wako mjini. Wanatafuta makarani, walimu, kila aliyekula na serikali. Mtu mwenye kalamu mfukoni anaitwa pembeni. Wengine hawajarudi.

Walipofika depo nilikuwa nimeshavua shati na viatu. Nikasema mimi ni mbeba magunia. Nikabeba gunia mbele yao, kutoka ghalani hadi mlangoni na kurudi. Kijana mmoja akanipiga mgongoni kwa furaha. Wakaamini.

Walipoondoka walikuwa wakiimba kwamba watamkata kichwa bwana fulani, mkubwa wa serikali huko Bukavu. Nikakimbilia kasha la vitabu. Ni yeye. Ndiye mgombea wa zile afishi. Uso wake uko ndani ya kila kitabu nilichofunika.

Nimechoma afishi zote. Baadaye nikachoma na vitabu, kwa hofu tu. Cha nyuki kilikataa kuwaka.

Kimoja kiko kwa shemeji.

Jumatatu, 18 Mei

Nimejaribu kwenda Mulongwe. Darajani kuna kizuizi, wanaume hawapiti. Nimerudi. Nimejaribu tena. Nimerudi. Kashindi hajui kuna nini ndani ya karatasi ile. Sina wa kumtuma.

Jumanne, 19 Mei

Yaya amekuja hapa kwangu Rugenge, kichwa wazi, mguu mmoja bila kiatu. Wamemchukua Kashindi. Walipekua nyumba, kitabu kikaanguka, karatasi ikafunguka, uso ukatokea. Walimuuliza ni cha nani. Alisema ni chake.

Angeweza kunitaja. Lingekuwa neno moja tu.

Yaya hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Alhamisi, 21 Mei

Nimekwenda kwa waasi kujitaja. Naandika upesi.

Komanda wao ameketi katika buro ya teritware, ofisi ya zamani ya serikali, kitabu kiko mezani. Kashindi yuko chini ukutani, mikono imefungwa nyuma, jicho moja limevimba. Nikasema kitabu ni changu, karatasi niliweka mimi, mwalimu hana kosa. Komanda akatazama miguu yangu isiyo na viatu.

"Muntu ya kubeba magunia, weye unasoma?"

Kijana wa gunia alikuwapo. "Huyu ninamujua, mukubwa. Iko na mugongo ya ngombe, kichwa hapana." Wakacheka wote.

Nikaomba nisome. Komanda akanisukumia kitabu. Nikasoma Kifaransa ukurasa mzima, ule wa mlango uliofungwa. Sikukosea hata neno. Komanda akainama kunisikiliza. Nikafikiri, sasa wameamini, sasa nakufa. Nilitaka waamini. Sikutaka.

Komanda akasema, "Minye nilikuwa natumikia misa. Kilatini yote nilikuwa nayo kwa kichwa, na sikujua maana ya neno hata moja. Huyu alisikia muzungu wake anasoma, akashika. Rudi kwa magunia yako."

Nikabaki nimesimama. Ndipo Kashindi akainua uso.

"Toka hapa, weye. Unasoma kama mbuzi analia."

Wakacheka tena. Wakanisukuma nje kwa kitako cha bunduki. Nilitembea. Miguu yangu ilifurahi. Naichukia.

Jumapili, 31 Mei

Gatumba, ng'ambo ya mto Ruzizi, upande wa Bujumbura. Nimevuka na wachungaji wa ng'ombe. Yaya amekataa kuja. Amesikia lori lilipeleka wafungwa Fizi, na Kashindi alikuwa kati yao, anatembea mwenyewe. Hakuna aliyesikia zaidi.

Hapa napakua chumvi. Mwenye duka anaifunga kwa kurasa za vitabu vya misheni. Leo nimesoma ukurasa mmoja juu ya nyota, na jinsi zinavyopewa majina. Cha namna hiyo sikuwa nimewahi kukiona. Nikafunga chumvi, nikampa mteja.

Mama mmoja muuza ndagala, vile visamaki vya ziwa, anavuka kesho. Atampelekea yaya daftari hili.

Shemeji, ukitoka, usipite barabara kuu. Shuka hadi mto, uwaulize wachungaji njia ya kuvukia. Gatumba usiulize jina langu, nimelibadilisha. Uliza duka la chumvi lililo nyuma ya kanisa. Sema unamtafuta mwenye mgongo wa ng'ombe. Niko pale kila siku, hata Jumapili.