Kisanduku Nilichokiandika Mbovu

Karakana ya Pikipiki,
Nyuma ya Kituo cha Mafuta.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa kitindamimba wetu,

Salamu nyingi. Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba baridi ya huko imepunguza makali na kifua hakikusumbui tena. Sisi huku hatujambo. Magoti yanamsumbua Mama asubuhi, mchana anayasahau, jioni anatukumbusha. Baba anakula vizuri na anasikia anachotaka kusikia.

Hujaijibu barua yangu ya Machi, na najua kwa nini. Niliiandika nikiwa na hasira. Nilikuambia kwamba kile kisanduku cha baridi ulichomtumia dada yako ni takataka, na kwamba ungewauliza mafundi kabla ya kununua. Leo naandika kuyarudisha maneno hayo yalikotoka. Soma mpaka mwisho, halafu unune ukitaka.

Dada yako, kama ujuavyo, ndiye muuguzi pekee wa zahanati anayekwenda kuchanja watoto ng'ambo ya mto. Anakwenda kila Alhamisi kwa pikipiki yake. Chanjo inatakiwa ikae kati ya nyuzi mbili na nane, na ikipita hapo haina msamaha. Kisanduku chako kilipofika alikikumbatia. Mimi nikakifunga nyuma ya kiti na kuvuta waya mpaka kwenye betri.

Nikueleze kidogo, maana wewe uliikimbia karakana mapema. Pikipiki inajitengenezea umeme kwa koili iliyo ndani ya injini. Injini ikienda mbio umeme unakuwa mwingi, ikienda polepole unakuwa kidogo. Katikati kuna regyuleta, ambayo kazi yake ni kuzuia umeme ukizidi ili betri isichemke. Lakini inajua kupunguza tu. Umeme usiokuwepo haiwezi kuuzaa.

Nilipomaliza kufunga nilipima kama tunavyopima sote hapa: pikipiki juu ya stendi, mkono kwenye akseli ya mafuta, resi mpaka mabati yatetemeke. Mita ikasoma volti kumi na nne na nukta mbili. Nikaridhika, nikanawa mikono.

Alhamisi iliyofuata dada yako alifika kituo cha mwisho, akafungua kisanduku, kipimajoto kikasoma kumi na moja. Chupa kumi na tisa hazikufaa tena. Kulikuwa na mama mmoja aliyekuja na mapacha, katembea tangu alfajiri. Aliambiwa chanjo imeharibika, akageuka, akaondoka. Pikipiki nayo ikagoma kuwaka, dada yako akaisukuma mpaka darajani. Mkuu wa zahanati akamwambia ikitokea tena, safari za ng'ambo zinafutwa, na wenye watoto watavuka mto wenyewe. Sote tunajua ni wangapi wangevuka.

Mimi nikakilaumu kisanduku. Hapa kwetu kifaa kikiharibika tunakiandika kwa wino usiofutika, mtu asije akakifunga tena kwa bahati mbaya. Nikaandika MBOVU kwenye kifuniko, kwa herufi kubwa, dada yako akiangalia. Akakibeba akaenda nacho nyumbani, na usiku ule ule nikakuandikia wewe.

Baada ya hapo akawa anakwenda na barafu, na ilikuwa inayeyuka kabla hajamaliza nusu ya vituo. Lakini unamjua dada yako, haachi jambo. Mwezi uliopita alikiunga kile kisanduku kwenye betri ya gari la jirani na kukiangalia siku tatu. Nyuzi nne, siku zote tatu. Akaniletea karatasi ya vipimo karakanani, akaiweka juu ya mita yangu, akaniambia nichukue mita nipande nyuma yake.

Basi nikapanda, mtu mzima na ndevu zangu, mita mapajani. Dada yako anaendesha kama aliyebeba mayai. Gia ya pili njia nzima. Kila lango la nyumba anasimama, injini inaunguruma taratibu, anasalimia, anauliza nani anaharisha, anaangalia ulimi wa mtoto. Nikamwambia basi azime injini. Akasema akizima haiwaki, na kwamba alidhani fundi ni mimi. Barabarani mita ilisoma kumi na mbili na nukta tatu, malangoni kumi na moja na nukta nane. Taa na kisanduku vilikuwa vinainyonya betri tu. Kumi na nne yangu sikuiona hata mara moja.

Pale darajani akaniambia, bila kugeuka, "Kaka, ulipima mkono wako. Mimi hukunipima."

Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na zangu hazikutoka hata nje ya karakana.

Wiki ile niliifungua injini. Waya mmoja wa koili ulikuwa umeungwa kwenye bodi, yaani chuma cha pikipiki, tangu kiwandani, kwa hiyo karibu nusu ya umeme haikuwa inafika kwenye betri. Nikautenga, nikafunga regyuleta inayopokea ncha zote mbili za koili. Taa kubwa nikaibadilisha kwa ile isiyokula sana. Mwisho nikaweka swichi inayokata kisanduku chenyewe betri ikishuka mno, dada yako asije akasukuma tena pikipiki. Kisha nikapanda nyuma yake mara ya pili. Malangoni kumi na mbili na nukta tisa, barabarani kumi na tatu na nukta nane.

Alhamisi iliyopita, kituo cha mwisho, kipimajoto kilisoma tano. Yule mama wa mapacha alikuwepo. Dada yako anasema mama huyo alikitazama kipimajoto kwanza, akakitazama tena, ndipo akamkabidhi mtoto wa kwanza achanjwe.

Kwa hiyo kisanduku chako kilikuwa kizima tangu siku ya kwanza. Nyani haoni kundule. Nimeona aibu, mdogo wangu, na nakuomba radhi. Kwa kuwa nilikusema mbele ya wazazi, nimejisema pia mbele ya wazazi, mezani. Baba safari hii alisikia.

Nilijaribu kulifuta lile neno kwa petroli, likagoma. Nikataka kulipaka rangi, dada yako akakataa. Alichukua kalamu yangu mwenyewe akaandika FUNDI mbele yake, na hivyo ndivyo kifuniko kinavyosomeka kila Alhamisi, kila lango, ng'ambo nzima. Watu wameshaanza kuniita hivyo. Pikipiki wanaleta vilevile.

Mpigie simu dada yako, anakungoja. Msalimie sana shemeji, na yule mpwa wangu anayeng'oka meno. Mama na Baba wanakusalimu, na wanauliza lini. Mungu akulinde huko uliko na akurudishe ukiwa mzima.

Ni mimi kaka yako akupendaye,

Fundi Mbovu