Kwa Kaka Bwambale, Aliyetaka Kuulizwa

Kaka Bwambale,

Leo nimetoka kazini mapema nikaja Muhokya kwa Mama. Nimeketi nyuma ya nyumba, upande wa shamba la kahawa. Sijazoea kukuandikia. Ulipokuwa hai tulipigiana simu tu, na mara nyingi msemaji ulikuwa wewe. Lakini wiki hii kumetokea jambo kazini nikatamani kumsimulia mtu, na kila nikifikiria nimsimulie nani, unanijia wewe.

Mama hajambo. Goti linamsumbua na bado hataki kushikiwa jembe. Mkeo Mbambu amerudi kwenye biashara ya samaki. Pikipiki yako watu waliitaka, akakataa kuiuza, akajifunza kuiendesha. Sasa anakwenda ziwani Kahendero asubuhi, anapakia samaki, anateremka nao mpaka soko la Bwera, gauni kalikunja ndani ya koti lako. Wenzako wa steji ya boda boda walimcheka mwanzoni. Siku hizi wanamwita "chairmani", na akifika wanampisha mbele. Ungemwona, kaka. Ungekaa kimya kwa mara ya kwanza maishani mwako.

Nataka nirudi kidogo kwenye ile siku ya mguu, kwa sababu sikuwahi kukuambia jinsi nilivyoiona mimi.

Lori la saruji lilikubana kwenye kona ya kuingia Bwera. Wenzako walikuleta juu ya ubao, na mimi ndiye niliyekuwa tabibu wa zamu katika chumba cha dharura. Nimeona miguu mingi iliyovunjika. Pale mpakani na Kongo, na zile boda boda zote, haipiti zamu bila mguu. Lakini nilipotambua kiatu chako, niliita jina lako. Mfupa ulikuwa umetoboa ngozi chini ya goti. Daktari Thembo alinishika bega akaniambia kwa upole kwamba siku ile mimi ni dada, si tabibu, basi nisimame kichwani pako nikushike mkono.

Akaagiza mofini, ile dawa kali ya maumivu. Muuguzi alikuwa ameshaivuta kwenye sindano, na wewe ulikuwa umeuma kola ya shati lako kwa maumivu. Ndipo ukaitema kola, ukasema, "Daktari, ngoja kwanza. Mimi nilikuwa mtu wa vidonge."

Sijui kama uliwahi kuelewa ulichokifanya. Jambo lile tulilijua sisi wa nyumbani tu: kwamba ulipoanguka na pikipiki mara ya kwanza na kuumia bega, ulinunua vidonge vya tramadoli, vya kuua maumivu, kwenye duka la dawa ili uweze kuendesha, kwamba bega lilipopona, wewe hukuweza tena kuamka kitandani bila vile vidonge, kwamba uliviacha hapahapa Muhokya, kwenye chumba cha nyuma, ukitapika na kutoka jasho huku Mbambu akikubadilishia mashuka. Siku ya mguu hakuna aliyekuuliza habari hizo. Dawa ilikuwa inakuja yenyewe, na ungeipokea tu, hakuna ambaye angekulaumu. Tena wenzako wote wa steji walikuwa mlangoni wanasikia. Lakini ulisema.

Daktari alirudisha sindano kwenye trei. Hakuwa mtu mbaya, unamjua. Alikuwa amepokea vijana walioletwa hawapumui kwa sababu ya vidonge kama vile, na aliogopa. Akasema basi tutatumia panado na wewe utavumilia. Mbambu, aliyekuwa amefika mbio kutoka sokoni, akamuunga mkono: afadhali ulie leo kuliko sote turudi kule tulikotoka. Mimi nilikuwa nahisi jinsi vidole vyako vinavyoubana mkono wangu, nikasema hapana, apewe. Tukaanza kubishana sisi watatu juu ya kichwa chako.

"Mnanizungumzia kama mzigo uliofungwa nyuma ya pikipiki," ukasema. "Mguu ni wangu. Na yule shetani wa vidonge, humu ndani namjua mimi peke yangu. Niulizeni mimi."

Kaka, katika chumba kile hakuna daktari aliyekuwa akiketi. Tulitibu tukiwa tumesimama, mgonjwa kalala, tunamwambia tunachomfanyia na tayari tunamfanyia. Siku ile Daktari Thembo alivuta kiti akaketi karibu na uso wako. Akakueleza taratibu kwamba mfupa lazima usafishwe na kunyooshwa, na panado peke yake haitatosha kwa kazi ile. Ipo dawa ya kukulaza wakati wa kunyoosha. Mofini ingekutuliza kabla na baada, lakini ingeweza kupunguza pumzi zako, kwa hiyo ungekaa chini ya macho yetu, na huenda ikaiamsha ile hamu ya zamani. Akakuambia pia unaweza kuikataa, na kwamba akiwa wewe angeogopa pande zote mbili.

Ukamuuliza, "Nikiamka, nitavitaka tena?"

"Sijui," akasema. "Ninachojua ni kwamba hatutakuacha peke yako."

Nimefanya kazi na daktari yule muda mrefu, na sikuwahi kumsikia akimwambia mgonjwa hajui. Ukamtazama, kisha ukaanza kupanga masharti kama mtu anayekodisha pikipiki yake. Mofini utaikubali, lakini humu ndani tu, kidogo kidogo, na uambiwe kila ikiingia. Nyumbani hutakwenda na kidonge chochote cha jamii ile. Maumivu yakikuzidi, hutakwenda duka la dawa. Utarudi hapa, na yeye asikufukuze. Ukamwita Mbambu ayasikie yote kwa masikio yake, naye alikuwa analia lakini akaitikia kila neno. Daktari akakupa mkono. Ndivyo ilivyokuwa, wala hakuna aliyeshinda wala kushindwa.

Halafu ile simu. Ulikuwa umesharuhusiwa, uko kwenu na magongo yako, ukanipigia mchana nikiwa kazini. Ulianza kwa neno moja tu: "Naitaka."

Nilidhani hamu imeamka. Hata wewe ulidhani hivyo. Uliniambia duka la dawa unaliona kutoka pale ulipokaa. Nikakuambia tu kwamba tulikubaliana. Ukakata simu, na sitasahau jinsi nilivyokaa nikiutazama mlango wa chumba cha dharura. Ukafika. Mwenzako wa steji alikuwa amekupakia, mguu umeuegemeza mbele kama bomba, jasho linakutiririka. Ulikuwa umepita mbele ya lile duka ukaja kwetu.

Daktari hakukuhubiria. Alifungua bandeji, akanusa, akaniita. Kidonda kilikuwa kinaanza kuoza kwa ndani. Yale maumivu yalikuwa na sababu yake, kaka. Kama ungeyazima kwa vidonge ukalala, mguu ungekatwa, au tungekuzika mapema zaidi. Walikusafisha siku ileile, ukapewa mofini yako kidogo kidogo kama ulivyopanga, na ukabaki wodini mpaka ulipotoka na miguu yako miwili. Ulichechemea kidogo tangu hapo. Ulisema mwendo wako sasa una madaha.

Sikukuambia wakati ule, nikuambie sasa: nilijivuna. Nilipita kwenye veranda za hospitali kama mwenye mali. Na baadaye, nilipokuwa nikikuita uje kuongea na kijana wa boda aliyevunjika, ukaketi kitandani pake na kumwambia mambo yako bila kuficha, nilikuwa nasimama nyuma ya pazia nisikilize. Nadhani ulijua.

Ulipoanguka kwenye kahawa hii, na moyo wako ukawa umesimama kabla Mama hajakufikia, nilikuwa Bwera. Sitaandika juu ya siku ile. Bado siwezi.

Lakini mazishi nitakusimulia. Walikuwepo watu walionong'ona. Unajua watu. Walisema ni vidonge, vimerudi. Maneno yakafika mpaka jikoni kwenye masufuria. Mbambu akaondoka kwenye mkeka, akasimama karibu na jeneza, wala hakupaza sauti. Alisema, "Mume wangu aliviacha na hakuvirudia. Nililala naye, nilikula naye, najua. Anayesema vingine aniambie mimi hapa." Kisha Daktari Thembo, aliyekuwa amekaa nyuma na viatu vyake vimejaa udongo, akasimama pia. Akasema alikutibu, na kwamba ulimwambia ukweli ambao ungeweza kuuficha, na ule ukweli ndio uliouokoa mguu wako. Wenzako wa steji wakakubeba mpaka kaburini na hawakuwaachia ndugu hata sehemu moja ya jeneza. Mama alikuwa amejikunyata. Nilimwona anainua kichwa.

Sasa nije kwenye jambo la wiki hii.

Aliletwa mama mmoja wa Butembo, kule Kongo, mfanyabiashara, anaitwa Mama Kavira. Alikuwa ameteleza pale mpakani na bidhaa kichwani, kiwiko kikachomoka. Mkono ulikuwa unaning'inia vibaya. Mumewe alikuwa naye, mtu mzima mwenye heshima, rozari shingoni. Nilipotaja mofini akanyanyua mikono yote miwili kukataa. Kwao dawa ile walimpa baba yake alipokuwa anakata roho, na hakutaka kuisikia. Kila nilipomuuliza mkewe swali, alijibu yeye. Wauguzi walikuwa na wagonjwa wengine wanangoja. Zamani ningemsikiliza mume, nikavuta ule mkono kwa nguvu, tukamaliza.

Nikamwomba mzee anisamehe kidogo. Nikaketi karibu na uso wa yule mama, nikamuuliza yeye anaogopa nini. Akamtazama mumewe. Halafu akasema kwa Kiswahili cha kwao, ambako muganga ni tabibu, "Muganga, naogopa kulala bila kuamka. Mutoto wangu iko ananyonya." Kumbe hilo ndilo lilikuwa jambo lake, na hakuna aliyelijua, hata mumewe. Nikamweleza dozi ilivyo ndogo, kwamba nitakaa naye nikihesabu pumzi zake, na mtoto atapata maziwa ya nani mpaka yeye awe macho sawasawa. Nikamwambia pia njia nyingine zilizopo, na ubaya wa kila moja. Mumewe akataka kuingilia. Mama Kavira akamgeukia polepole, maana hata kugeuka kulimuuma, akamwambia, "Papa, mukono iko yangu."

Mzee akatazama chini, kisha akacheka kidogo, akavua koti lake akamfunika miguu. Mama Kavira akachagua mofini kidogo. Kiwiko kikarudi mahali pake. Alipokuwa macho vizuri akatuuliza kama bidhaa zake zimepona.

Daktari Thembo alikuwa mlangoni wakati wote, sikumwona. Baadaye akaniambia hospitali za wilaya yetu ya Kasese zinakusanya wafanyakazi wa vyumba vya dharura kujifunza namna ya kutoa dawa hizi na kuamua pamoja na mgonjwa, na kwamba ameniweka mimi nizungumze. Mimi, kaka, ninayeogopa hata kusoma somo kanisani. Nikamwambia sina la kusema ila habari ya kaka yangu. Akasema hiyo ndiyo anayoitaka.

Nikaenda kumuomba Mbambu ruhusa. Nilimwambia naweza kusema "mgonjwa mmoja", watu wasijue ni nani. Alikuwa anaosha samaki. Akaweka kisu chini akaniambia, "Mtaje kwa jina. Hakuwa mgonjwa mmoja."

Basi nitakutaja. Nakuahidi nitasimama mbele ya wale madaktari wote, na hata sauti ikitetemeka sitakaa chini kabla sijamaliza. Nitawaambia ulikuwa mtu wa boda kutoka Muhokya, na kwamba mimi ni dada yako.

Lala salama, kaka yangu. Mama ananiita tukale.

Ni mimi mdogo wako,
Kabugho